Piga hesabu kabla ya kununua simu ya mtumba

Msee wangu wa Kitengela, kabla hujamtumia jamaa wa simu za mtumba pesa pale kando ya barabara ya Namanga, piga *#06#. Itatokea IMEI, namba ya tarakimu 15. Usiiogope.

Tuchukue 490154203237518, mfano tu. Kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo hadi ya 14. Jibu likipita 9, toa 9. Jumlisha zote 15: unapata 60. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila baki, na ile 8 ya mwisho kazi yake ni hiyo tu. Mtu akibadilisha tarakimu moja, yoyote, hesabu inakataa. (Akigeuza 09 kuwa 90 haishtuki, lakini hiyo ni nadra.) Hans Peter Luhn wa IBM ndiye alibuni ujanja huu miaka ya 1950.

Mwisho wa Septemba 2012 simu feki zilizimwa Kenya nzima, zikiwa mifukoni mwa walionunua. Kwa hivyo hesabu ikikataa, rudisha simu. Ikikubali, bado itisha risiti na boksi, ulinganishe namba. IMEI halali pia hunakiliwa.