Fahali wa Udongo

Miaka hii ya karibuni, Oktoba inapoelekea ukingoni, baadhi ya shule za chekechea hapa Juba zimeshika desturi ya kuwaandikia wazazi barua. Mzazi ampe mtoto karatasi nyeusi na za rangi ya machungwa, mkasi, gundi na sahani za karatasi, ili tarehe 31 watoto watengeneze popo, buibui, mizimu na vinyago vya Halloween. Sina ugomvi na mkasi wala gundi. Nagombana na maneno yanayoziandama barua hizo, ninayoyasikia kwa walimu, kwa wafanyakazi wa mashirika, na siku hizi hata kwa wazazi wenzangu: kwamba hatuna budi kuazima kazi za mikono za watu wengine kwa kuwa watoto wa Sudan Kusini hawajapata kuwa na za kwao.

Maneno hayo ni uongo, na anayeyasema hajawahi kukaa chini ya mti na mtoto mwenye udongo mkononi. Mtoto wa Kidinka, wa Kinuer au wa Kimundari alikuwa akijua kufinyanga ng'ombe miaka mingi kabla ya kujua kushika kalamu. Hakuna aliyemnunulia kitu. Hakuna aliyemchorea mfano wa kufuata. Alichohitaji ni udongo, maji kidogo, majivu ya jikoni, na mtu mzima mmoja wa kumwambia pembe hizi zimelala, zisimamishe.

Kazi yenyewe ni rahisi, na Oktoba ndio mwezi wake mzuri. Mvua za Juba huanza kama Aprili na kufikia Oktoba zinaanza kuaga, lakini ardhi bado imeshiba maji. Unachimba chini ya tabaka la juu, pale udongo mweusi unaponata, au unauchukua ukingoni mwa mto. Udongo wa kichuguu nao ni mzuri sana, maana mchwa wameshauchambua. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kazi ya kwanza, na anaipenda: kuokota mizizi na vijiwe, kisha kuukanda kwa viganja mpaka uache kushika mkono. Ukihofia kupasuka, changanya majivu laini au samadi kavu iliyopondwa. Halafu unaviringisha donge lililo refu kidogo, na hicho ndicho kiwiliwili. Nundu huvutwa juu kwa vidole viwili, haibandikwi, kwa sababu nundu ya kubandikwa hudondoka. Miguu huwa minene na mifupi. Mara nyingi ya mbele huunganishwa ikawa mguu mmoja, na ya nyuma vivyo hivyo, ili mnyama asimame bila kuegemezwa.

Pembe huja mwisho, na hapo ndipo mtoto hupimwa. Pembe za fahali wa udongo ni kubwa kupita kiasi, wakati mwingine zinashinda mwili mzima, na mgeni akiziona hudhani mtoto amekosea vipimo. Hajakosea. Anaonyesha kinachopendwa. Wanaume wazima wa Kidinka wakicheza ngoma hunyanyua mikono na kuikunja juu ya kichwa kuigiza pembe za fahali wao, na mtoto aliyeyaona hayo tangu akibebwa mgongoni anajua ng'ombe huanzia wapi. Unalowesha mahali pa kuungia kwa tope jepesi, unabandika, unazipinda taratibu. Kisha fahali anawekwa kivulini siku mbili tatu, akigeuzwa-geuzwa, kwa sababu jua kali litampasua. Akikauka anapakwa rangi: majivu kwa weupe, makaa kwa weusi, udongo mwekundu wa barabarani kwa wekundu.

Katika kupaka rangi ndimo ilimokuwa shule, na ndipo ninapowasihi walimu wasikilize. Kwa Wadinka mtoto hajifunzi rangi kwa kuonyeshwa vibao ukutani. Anazijifunza mgongoni mwa ng'ombe. Mabior ni fahali mweupe. Malual ni mwekundu wa kahawia. Majok ana weusi na weupe. Makuei ni mweusi mwenye kichwa cheupe, na kichwa hicho kinamkumbusha mtoto ndege furukombe anayevua samaki mtoni. Makuac ana madoa ya chui, na Manyang ana michirizi ya mamba. Godfrey Lienhardt, aliyeishi na Wadinka na kuchapisha kitabu chake juu ya dini yao mwaka 1961, alieleza jinsi macho yao yanavyozoezwa na ng'ombe kuona rangi na vivuli vya kila kitu kingine duniani. Mtoto anayechukua kipande cha makaa na kuamua weusi uishie begani au ufike shingoni anajifunza wanyama wa mto, ndege, rangi, na majina ya watu, maana hayo ni majina ya wanaume wetu. Baba yake John Garang, kiongozi wa ukombozi wetu, aliitwa Mabior. Ni popo gani wa karatasi atakayemfundisha mtoto mambo mengi hivyo kwa asubuhi moja?

Zizi likishajaa, mchezo unaanza. Wasichana wamejenga nyumba za matope, wametengeneza vyungu vidogo na watu wadogo. Wavulana wanaleta ng'ombe. Kuna posa, kuna mabishano, kuna mahari. Kaka wa bibi harusi anawakataa ng'ombe watatu waliovunjika miguu. Mjomba anadai fungu lake, maana bila fungu la mjomba hakuna ndoa, na mtoto wa miaka sita analijua hilo kabla ya kujua kuandika jina lake. Anayehesabu vibaya anazomewa. Wanajifunza kutoa na kujumlisha, wanajifunza nani ni nani katika ukoo, na wanajifunza kwamba neno likitamkwa mbele ya wakubwa linamfunga aliyelitamka. Walicheza pia uvamizi wa mifugo, sikatai. Lakini wanaotuambia kwamba kumpenda ng'ombe ndiko kulikoleta vita wangetazama kwanza bunduki zilipotoka. Hazikufinyangwa na mtoto yeyote kando ya mto.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Nimelelewa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuwapokea watoto wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulala kambi ya ng'ombe, na tulikula mahindi ya mgao. Hata hivyo mto Tarach, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ulipopitisha maji na kuacha tope, wavulana walishuka kuchimba, na wanawake wazee waliketi kivulini kuwasahihisha. Nyanya yangu alikuwa mkali kwa jambo hili kuliko kwa sala. Alikuwa akichukua fahali wa kaka yangu, akimtazama kama mnunuzi sokoni, na kumrudisha: huyu hana shingo, huyu maksai wa nani? Leo naelewa alichokuwa akifanya. Ng'ombe waliuawa na kuporwa, ukoo ulitawanyika, lakini maarifa ya ng'ombe hayakuruhusiwa kufa, na wa kuyabeba alikuwa mtoto mwenye mikono michafu.

Wageni wametuelewa vibaya kwa njia tatu. Kwanza ni wale wa mashirika, wanaokuja na masanduku ya vitu vya plastiki kwa sababu wameona watoto wetu "wanachezea matope." Pili ni baadhi ya wahubiri, wanaowaambia akina mama kwamba sanamu ya ng'ombe ni sanamu ya kuabudiwa, wakataja ndama wa dhahabu wa Haruni. Hakuna mtoto aliyewahi kumwabudu fahali aliyemfinyanga mwenyewe na atakayemkanyaga kesho. Tatu, na hawa wananiuma zaidi, ni wanaomsifu fahali huyo akiwa mbali na sisi. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu Wanuer, alitaja watoto wanaojenga mazizi ya mchanga na kuyajaza ng'ombe wa tope, wakicheza uchungaji na ndoa. Makumbusho ya Pitt Rivers kule Oxford yanahifadhi ng'ombe wa udongo waliotengenezwa na watoto wa nchi hii. Kwa hiyo kazi ya mtoto wa kijijini inafaa kuwekwa nyuma ya kioo Uingereza, na papo hapo haifai kuwekwa juu ya dawati Juba.

Ukabila nao siutaki uingie hapa. Juba ni ardhi ya Wabari, na watoto wa Wabari, Wakuku, Wazande na Waacholi wana ustadi wao: vikaragosi vya magunzi, magari ya waya na makopo, miwani na vitanda vya mabua ya mtama. Mieleka ya Wamundari na watu wa Bor haihitaji utetezi wangu, uwanja unajaa wenyewe. Kuhusu desturi ya kuchanja paji la uso sina neno, wanaoipenda wataitetea.

Lakini fahali wa udongo hana wa kumtetea, na anatoweka mbele ya macho yetu. Desemba 2013 vita vilipolipuka mjini humu, maelfu ya watu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, Tomping na ile ya karibu na Jebel. Watoto waliokulia nyuma ya zile seng'enge walifinyanga pia, kwa sababu mkono wa mtoto haukosi udongo. Nimewaona wakifinyanga magari ya deraya, helikopta, na askari wenye bunduki, kwa ustadi uleule wa kuunganisha na kupinda. Sikuwalaumu. Mtoto hufinyanga kinachopita mbele yake. Ila nilijiuliza ni nani atakayemwambia kwamba shingo imekosewa, kama hakuna mzee aliyebaki anayeijua. Nje ya kambi mambo si bora sana. Nyumba za mitaa ya Gudele na Munuki zimezungushiwa mabati, uani kumemwagwa kokoto, simu ya mama inamnyamazisha mtoto, na ng'ombe anaonekana siku akipelekwa kuchinjwa. Kutoka hapa hadi Terekeka, ambako Wamundari bado wanalala na ng'ombe wao na kujipaka majivu ya samadi kuzuia mbu, si mbali hata kidogo, lakini ninawajua watoto wa Juba waliopanda ndege hadi Nairobi na hawajawahi kuiona kambi ya ng'ombe.

Wanaoitetea Halloween wataniambia dunia ni kijiji. Na tuitazame hiyo Halloween yenyewe. Jina lake linatokana na mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya tarehe 1 Novemba. Waairishi walikuwa wakichonga taa zao za usiku ule katika mizizi ya tanipu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa shambani mwao. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, wakaiacha tanipu. Hawakuagiza tanipu kutoka Ireland. Walichukua kilichokuwa chini ya miguu yao. Tukitaka kuwaiga kweli, tuige hapo. Ardhi ya Juba inatupa udongo mweusi, na boga tunalipika, kwani katika nchi hii yenye njaa hatumfundishi mtoto kutoboa chakula ili kiwe na macho na meno.

Lipo pia jambo la wafu. Siku inayofuata Watakatifu Wote, tarehe 2 Novemba, Wakatoliki wa mji huu wanawaombea marehemu wao. Sijui nyumba hapa isiyo na mtu wa kuombewa, tangu vita vya 1955 hadi 1972, vya 1983 hadi 2005, na hivi tulivyopigana wenyewe kwa wenyewe. Wengi hawana hata kaburi la kutembelewa. Mtoto aliyempoteza baba anapovishwa shuka jeupe na kuambiwa awatishe wenzake kwa kujifanya mfu, ninaona tumemkosea adabu yeye na baba yake. Mahali pengine huenda ni mzaha usio na madhara. Hapa sisi bado tuko matangani.

Basi, Mwalimu, ninakuomba kitu ambacho vifaa vyake havigharimu hata pauni moja. Wiki ya mwisho ya Oktoba, ardhi ikiwa bado laini, leteni ndoo za udongo darasani. Wazazi, isipofanyika darasani, fanyeni uani Jumamosi, nguo zitafuliwa. Wadogo wakande, wa miaka mitano wafinyange kiwiliwili, wakubwa wabandike pembe. Na msifundishe peke yenu kwa kubahatisha. Akina nyanya wanaomjua fahali tangu kwato hadi ncha ya pembe wako mjini humu humu, wameketi milangoni mwa nyumba za watoto wao na katika kambi za waliohama makwao, na hakuna anayewauliza kitu zaidi ya kama wamekula. Waiteni. Wapeni kiti mbele ya darasa, na siku ikiisha walipeni kama mnavyomlipa mwalimu mwingine yeyote, kwa sababu ndivyo walivyo. Kila msimu wa mvua unaopita bila wao kuitwa tunawazika wengine, na mengi wanayoyajua hayakuandikwa mahali popote.