Usomaji wa Jenomu na Asili ya Kipindupindu cha Haiti

Makala haya yanaeleza jinsi usomaji wa jenomu, yaani mfuatano mzima wa vinasaba vya kiumbe, unavyosaidia kutafuta chanzo cha mlipuko wa maradhi ya bakteria. Mfano unaotumika ni kipindupindu kilichozuka nchini Haiti Oktoba 2010 na kuua watu wapatao 10,000.

Kanuni yake yafanana na ile ya wahakiki wa miswada ya kale. Mnakili akikosea neno, kosa hilo hurithiwa na nakala zote zitokanazo na mswada wake. Hivyo nakala mbili zenye kosa moja hudhaniwa kuwa na asili moja. Bakteria nao hunakili vinasaba vyao wanapozaliana. Jenomu ya bakteria wa kipindupindu ina herufi zipatazo milioni 4, ambazo ni A, C, G na T, na mara chache herufi moja hubadilika. Kadiri tofauti baina ya sampuli mbili zinavyopungua, ndivyo undugu wao unavyokuwa wa karibu.

Kuhusu Haiti zilitolewa rai mbili. Baadhi ya wataalamu walidai kwamba bakteria hao walikuwamo tayari katika maji ya pwani. Wengine waliishuku kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, iliyokuwa kando ya kijito kiingiacho mto Artibonite. Mwaka 2011 watafiti walisoma jenomu za sampuli 24 za Nepal. Tatu kati yake zilitofautiana na za Haiti kwa herufi 1 au 2 tu.

Hata hivyo, jenomu huonyesha undugu, haionyeshi njia. Njia ilibainishwa na uchunguzi wa nyanjani: wagonjwa wa mwanzo waliishi karibu na kambi, na ugonjwa ukafuata mkondo wa mto. Ushahidi huo wa aina mbili ulipoungana, rai ya kwanza ilikosa nguvu.

Hivyo basi, swali la asili lilijibiwa, lakini la dhima halikumalizwa na sayansi. Agosti 2016 mahakama ya rufani nchini Marekani ilithibitisha kinga ya Umoja wa Mataifa dhidi ya madai ya waathirika. Desemba mwaka huo, Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti kwa kuwa Umoja huo haukufanya ya kutosha kuhusu mlipuko na kuenea kwake.