Elimu: Mwanafunzi anayefukuzwa juu ya minervali hukosa pia somo la uraia

Kila muhula, katika shule nyingi za sekondari za mashariki mwa Congo, prefe hupita darasani na orodha mkononi. Wanaosomwa majina yao wanarudi nyumbani kwa sababu wazazi hawajalipa minervali. Nyumbani watu wanahesabu masomo ya hesabu na Kifaransa yaliyopotea. Ni wachache wanaohesabu kitu kingine kinachopotea siku hizo: nafasi ya kijana kujifunza kuwa raia.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema masomo ya shule ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa nchini kote Septemba 2019. Lakini ubure unaishia darasa la sita. Kuanzia darasa la saba mzazi analipa, na hapo ndipo watoto wa familia moja wanaanza kutengana: mmoja anaendelea, mwingine anabaki shambani, sokoni ao kwenye machimbo.

Somo la uraia na maadili liko kwenye programu ya sekondari, mara nyingi kwa saa moja tu kwa juma. Anayefukuzwa majuma mawili analikosa mara mbili, na hakuna anayemrudilia. Mkubwa wa darasa na komite ya wanafunzi huchaguliwa mwanzoni mwa mwaka wa shule, wakati wengi bado wanatafuta pesa ya kuingia. Ndipo kijana anajifunza kupiga kura, kuuliza wakubwa maswali, na kukubali kushindwa bila kupigana.

Kifungu cha 45 cha Katiba hiyo kinalazimisha serikali kufundisha Katiba yenyewe. Hata hivyo, shule ya mjini yenye wazazi wenye uwezo inaweza kuandaa midahalo na kualika mbunge wa jimbo. Katika shule nyingi za kijijini, mwalimu anafundisha Katiba bila kuwa na hata kitabu chake kimoja.

Tofauti hiyo inafika mpaka kwenye meza ya uandikishaji wa wapiga kura. Sheria ya mwaka 2004 inakubali kadi ya mwanafunzi kati ya vipande vya kujitambulisha mbele ya CENI. Kijana aliye shuleni akitimiza umri, anaionyesha. Aliyeacha shule, kama hana kipande kingine, anatafuta mashahidi. Na kadi ya mpiga kura, kwa miaka mingi, ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mkongomani barabarani, benki na kwenye vizuizi.

Watu wa mashariki wanajua bei ya kukosa sauti. Disemba 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, CENI ikitaja Ebola na usalama mdogo. Huko Beni wakaaji walipanga foleni na kupiga kura yao ya mfano. Disemba 2023, wilaya za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura juu ya vita. Na ni Goma, mwaka 2012, ambapo vijana walianzisha Lucha, wakidai kazi na maji safi.

Jambo hili si la Congo peke yake. Mwaka 2008, watafiti Joseph Kahne na Ellen Middaugh walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa sekondari wa California, Marekani. Waliona kwamba wanafunzi wa familia zenye uwezo, na wale wanaojiandaa kuingia chuo kikuu, ndio wanaopata zaidi midahalo, kazi za kujitolea na masomo juu ya serikali. Shule, ambayo ingepaswa kupunguza tofauti, ilikuwa inaiongeza.

Uchunguzi wa namna hiyo hauhitaji pesa nyingi. Komite ya wazazi ya kila shule inaweza kuuanza kwa maswali manne: Nani walikuwa nyumbani siku ya kuchagua komite ya wanafunzi? Wasichana wangapi wamo ndani yake? Watoto wa wakimbizi wa vita je? Na ni nani hawajapewa kadi ya mwanafunzi kwa sababu ya deni?

Majibu yatasaidia kuamua mambo yasiyohitaji pesa za Kinshasa: kusogeza siku ya uchaguzi wa komite mpaka wote wawe wamerudi, kutoa kadi hata kwa mwenye deni, na kumwacha aliyefukuzwa aingie angalau kwenye somo la uraia. Minervali itaendelea kujadiliwa kati ya serikali, jimbo na wazazi. Lakini mtoto wa miaka 14 leo atakuwa na haki ya kupiga kura baada ya miaka minne, awe alilipa ao hakulipa.