Kinu cha Nyuklia Hakigeuki Bomu, Iwe Kwenye Gemu Au Duniani

Swali ni lilelile, na nimelijibu mara nyingi mno: "Kinu cha nyuklia kikipata ajali, kinaufuta mji kama Hiroshima?" Wanaouliza wengi ni wachezaji wa gemu za mikakati za kompyuta, ambao wameona kinu kikiharibika na nusu ya mji ikipukutika. Ingekuwa mazungumzo ya gemu tu ningenyamaza. Lakini Kenya ina mpango wa kujenga kinu, na watu wazima nao sasa wananiuliza hivyohivyo.

Jibu ni hapana, na halina masharti.

Bomu la Hiroshima lilikuwa na urani iliyorutubishwa hadi wastani wa asilimia 80 hivi. Mafuta ya vinu vingi vya umeme yamerutubishwa kwa asilimia 3 hadi 5. Ili bomu lilipuke, urani ya kiwango cha juu lazima ikusanywe pamoja kwa kasi kubwa, mipasuko ya atomu izaane maradufu ndani ya sehemu ndogo kabisa ya sekunde kabla urani yenyewe haijatawanyika. Ndani ya kinu, mafuta hafifu yamegawanywa katika maelfu ya fimbo nyembamba. Mzembe hawezi kuyafanya bomu, tetemeko haliwezi, na mhujumu mwenye baruti hawezi.

Hapo huletewa ajali ya Chernobyl, Ukraine, kana kwamba nimeisahau. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, waendeshaji wa kinu nambari 4 walikuwa wakifanya jaribio huku kinu kikiwa kwenye nguvu ndogo, hali ambamo muundo wake haukuwa imara. Nguvu ikapanda ghafla, maji yakageuka mvuke, na mvuke ukakipasua kinu na kuling'oa paa. Grafiti iliyokuwa ndani ya kinu ikawaka moto kwa siku kadhaa, moshi ukasambaza iodini na siziamu zenye mionzi hadi nchi za mbali za Ulaya. Ulikuwa mlipuko wa mvuke, ukafuatiwa na moto. Anayebisha aniambie hili: kinu nambari 3, kilichopakana na hicho katika jengo moja, kiliwezaje kuwashwa tena na kuzalisha umeme hadi Desemba 2000?

Sisemi kwamba madhara yalikuwa madogo. Wafanyakazi na wazimamoto 28 walikufa kwa ugonjwa wa mionzi ndani ya miezi michache. Mji wa Pripyat, wenye watu karibu 50,000, ulihamishwa siku iliyofuata. Watoto waliokunywa maziwa yenye iodini ya mionzi walipata saratani ya tezi ya shingo kwa maelfu. Madhara haya yana sura yake: ardhi iliyochafuka, maziwa ya kumwaga, familia zisizorudi makwao. Mwenye kuwaza bomu hutazama majengo yaliyobomoka, na hatari halisi inampita.

Gemu hukosea pia kuhusu chanzo cha ajali. Katika Civilization ya mwaka 1991, kinu kingeweza kuyeyuka kwa sababu wananchi wameasi. Katika Gathering Storm, nyongeza ya Civilization VI iliyotoka mwaka 2019, hatari huongezeka kadiri kinu kinavyozeeka bila kukarabatiwa. Uzee una uzito wake, lakini kinu kilichoyeyuka Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979 kilikuwa na miezi mitatu tu ya kazi ya kibiashara. Cha Chernobyl hakikuwa kimetimiza miaka mitatu.

Adui ni joto. Kinu kikizimwa, mafuta yake huendelea kutoa joto kama makaa chini ya majivu, mwanzoni kiasi cha asilimia 6 ya nguvu yake kamili. Lazima maji yaendelee kuzunguka. Fukushima, Japani, Machi 2011, vinu vilizimika vyenyewe tetemeko lilipopiga. Kisha tsunami ya mita 14 hivi ikaruka ukuta na kuzamisha jenereta za dharura, pampu zikasimama, na vinu vitatu vikayeyuka. Milipuko iliyoonekana kwenye televisheni ilikuwa ya haidrojeni. Kituo cha nyuklia cha Onagawa, karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kilijengwa mahali pa juu zaidi, kikasalimika.

Kuhusu tabianchi, ambayo gemu hizi pia huigusa, nitasema kwa ufupi. Ile Civilization ya kwanza ilihesabu uchafu wa ajali ya kinu kama chanzo cha ongezeko la joto duniani. Si kweli. Joto linaongezwa na kaboni dioksidi na gesi nyinginezo, wala si mionzi. Hata vita vya nyuklia, kwa makadirio ya wanasayansi tangu 1983, vingeipoza dunia kwa masizi yanayozuia jua. Gathering Storm imepatia zaidi: inahesabu kaboni, na ufuko ukishazama haurudi hata ukiiondoa kaboni hewani. Inachokosea ni kasi ya maji kupanda. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa sentimita 20 hivi.

Unayetaka uhalisia kwenye gemu, fanya haya. Kinu kijenge juu, mbali na mafuriko. Kikarabati mapema. Kuta za kuzuia bahari zisisubiri maji. Ukicheza na wenzako, kubalianeni kwamba ajali huja mji unapofurika au kushambuliwa, na adhabu yake ni kuhamisha watu na kupoteza mashamba, majengo yabaki. Watunzi wa gemu, wekeni pampu mahali pa umri, na upepo unaosambaza mionzi. Na katika maisha halisi, tangazo la ajali likitoka ingia ndani, funga madirisha, usinywe maziwa ya eneo hilo mpaka yapimwe. Vidonge vya iodini humezwa kwa maelekezo tu na hukinga tezi ya shingo pekee. Kubugia chumvi ya mezani hakusaidii kitu.

Mkutano wa hadhara kuhusu kinu ukiitishwa kwenu, liacheni bomu. Ulizeni hivi: umeme ukikatika, maji ya kupozea yatatoka wapi, na yatatosha siku ngapi? Mhandisi asiye na jibu la swali hilo asipewe hata kiwanja cha kujengea.