Mazuku Hayajui Kupanda

Koko, yaani bibi yetu, alikuwa na kuku mmoja mwekundu asiyependa banda. Asubuhi moja tulimkuta nyuma ya kiwanja, katika kibonde kilichoachwa na mawe ya volkano, kina chake kama magoti ya mtu mzima. Alikuwa amekufa. Hana jeraha, hana damu, manyoya yametulia kama ya kuku aliyesinzia. Kando yake palikuwa na panya, naye vilevile. Kaka yangu akataka kuruka chini amchukue. Koko akamdaka shati.

"Ni mazuku hayo. Simama wima, usiiname."

Akafunga kijinga cha moto kwenye fimbo ndefu, akakishusha polepole. Moto uliwaka vizuri mpaka ulipofika usawa fulani, hapo ukazimika kana kwamba umechovywa majini. Akakiwasha tena, akakishusha tena. Ukazimika palepale. Mle kibondeni hatukuona kitu, si moshi, si ukungu. Hata hivyo kile kisichoonekana kilikuwa na uso wake, kama bwawa lina uso wake, na uso huo uliishia magotini.

Watoto wa Goma, wa Mugunga, wa Bulengo na wa Sake, hapa mashariki mwa Kongo, hawana haja ya kuambiwa mazuku ni nini. Wamekatazwa tangu wadogo kucheza mabondeni alfajiri, kabla jua na upepo havijapita. (Na kijinga cha koko msikijaribu. Yeye alikuwa na umri wa kutosha kujua pa kusimama, ninyi bado.) Mimi nilibaki na swali ambalo koko hakuwa na jibu lake: kitu kisichoonekana kinawezaje kukaa chini kama maji? Jibu nilikuja kulipata miaka mingi baadaye, na njia yake inapitia kwenye kipande cha makala, yaani makaa.

Makala hayatafutwi mbali. Magunia yanapita barabarani kila siku juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao, yamepangwa mpaka msukumaji haonekani. Chukua kipande cha sentimita moja. Kikate katikati, kisha nusu moja ikate tena katikati, na tena. Tuseme una wembe usiochakaa na macho yasiyochoka. Ukifika mara ya 26 hivi, utakuwa umeshika kitu ambacho hakiwezi kukatwa kikabaki makala. Hiyo ndiyo atomu. Ni ndogo kiasi kwamba unene wa unywele mmoja wa kichwani mwako unaenea atomu kama nusu milioni zikipangwa mstari mmoja. Na katika gramu moja ya makala safi, atomu ni 5 iliyofuatwa na sufuri 22. Iandike hiyo namba daftarini uone inavyochosha mkono.

Atomu hii ni ya kaboni. Ndani yake, katikati kabisa, kuna kiini chenye protoni 6, na kando yake elektroni zinazozunguka. Protoni ndizo zinazoipa atomu jina lake. Zikiwa 6 ni kaboni, daima, iwe imetoka kwenye makala ya Masisi au kwenye almasi ya Kasai. Zikiwa 7 ni naitrojeni. Zikiwa 8 ni oksijeni. Zikifika 79 ni dhahabu. Kitu ambacho atomu zake zote ni za namna moja tunakiita elementi, na mpaka leo zinajulikana elementi 118. Nne kati ya hizo zilipewa majina rasmi mwaka 2016 tu, kwa hiyo kama kitabu chako cha shule ni cha kaka yako mkubwa, jedwali lake la elementi lina mapengo.

Rangi isikudanganye. Pale mjini Goma kuna mzunguko wenye sanamu ya msukuma chukudu, imepakwa rangi ya dhahabu inayong'aa juani. Mgeni hupiga picha akasema ni ya dhahabu. Ingekuwa na protoni 79 katika kila atomu, nina hakika isingelala hapo usiku mmoja.

Kinyume chake kipo Rubaya, kule Masisi. Wachimbaji wanaosha mchanga mweusi mzito usio na mng'ao wowote wa kumvuta mtu. Wanauita koltani. Ndani yake mna elementi mbili zenye sifa kubwa, niobi yenye protoni 41 na tantali yenye protoni 73. Msweden Anders Ekeberg aliitambua tantali mwaka 1802. Akaipa jina la Tantalos, mfalme wa hadithi za Wayunani aliyeadhibiwa kusimama katika maji asiweze kuyanywa, kwa kuwa unga wa tantali ulizama katika asidi bila kunywa hata tone. Haiyeyuki mpaka moto upite nyuzi 3,000 za Selsiasi. Leo imo katika simu ya mama yako, ndani ya kidude kidogo kinachotunza chaji. Lakini angalieni: Rubaya hakuna anayechimba tantali tupu. Inatoka ardhini ikiwa imeshikana na oksijeni, chuma na manganizi, na kuitenganisha kunahitaji viwanda vilivyo mbali sana na Masisi. Sehemu kubwa ya utajiri wa koltani huishia huko kwenye kutenganisha, na hilo mimi huwa linaniuma kila nikiona gunia.

Kushikana huko sasa ndiko kunakotupeleka kwa kuku wetu.

Fikirieni kwamba atomu zina mikono. Si kweli kwamba zina vidole, lakini kwa kuchora inatosha, na hata wakemia wazee wanachora hivyo. Hidrojeni ina mkono mmoja. Oksijeni ina miwili. Kaboni ina minne. Mkono ulio huru hautulii, unatafuta wa kushikana nao. Oksijeni moja ikishikwa na hidrojeni mbili, mikono yote imeisha, na tumepata maji. Hapo ndipo pa kushangaza. Hidrojeni ni gesi inayolipuka. Oksijeni ni gesi inayochochea moto. Zikishikana, unapata kitu unachomwagia moto ili uzime. Chumvi iliyomo kwenye sombe ni hivyo hivyo. Imetokana na sodiamu, metali inayorukaruka na kuwaka ukiitupa majini, na klorini, gesi ya kijani-njano ambayo mwaka 1915 iliua askari katika vita vya Ulaya. Sisi tunaila kila siku na kuomba iongezwe.

Elementi zikishikana namna hii, kwa hesabu maalumu, zinaitwa kampaundi. Tabia ya kampaundi haifanani na ya wazazi wake. Na msichanganye kampaundi na mchanganyiko. Sombe yenye sambaza ni mchanganyiko: ukitaka unaokota samaki mmoja mmoja ukaacha majani, na kila kimoja kina ladha yake. Hewa ya Goma nayo ni mchanganyiko, naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na vinginevyo kidogo, vinapishana bila kushikana. Lakini katika chumvi huwezi kuokota sodiamu ukaacha klorini, hata ukiwa na kibano cha dhahabu.

Sasa chora kaboni, mikono minne. Ipe oksijeni mbili, kila moja yenye mikono miwili. Minne kwa minne, imetosha. Hiyo ni hewa ukaa, na ndiyo mazuku.

Kwa nini inakaa chini? Tupime. Hidrojeni tuipe uzito wa 1. Kwa mzani huo kaboni ni 12, naitrojeni ni 14 na oksijeni ni 16. Hewa ukaa ina kaboni moja na oksijeni mbili, 12 na 16 na 16, jumla 44. Naitrojeni ya hewani hutembea mbilimbili, ni 28. Oksijeni pia mbilimbili, ni 32. Ukichanganya kwa wingi wao, hewa ya kawaida inakuwa kama 29. Basi 44 inapotoka ardhini kupitia nyufa za mawe, usiku hakuna upepo, inaingia chini ya 29 kama maji yaingiavyo chini ya mafuta, inajaza kibonde na kutulia. Moto ukishuka humo haupati oksijeni. Kuku akishuka naye hivyo, tena hewa ukaa ikiwa nyingi humpotezea kiumbe fahamu kwa pumzi chache tu. Ndiyo maana mbuzi hufa na mchungaji aliyesimama akabaki hai, mpaka atakapoinama kumwinua.

Gesi yenyewe haina uchawi. Unaitoa puani kila unapopumua. Ndiyo inayochemka ukifungua chupa ya Fanta. Ubaya wa mazuku ni wingi wake mahali pamoja.

Na Fanta kubwa kuliko zote iko mbele ya macho yetu. Ziwa Kivu lina kina kinachofika mita 485, na katika maji yake ya chini imeyeyuka hewa ukaa inayokadiriwa kilomita za ujazo 300. Uzito wa maji ya juu unaikandamiza, kama kizibo. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos, kule Kameruni, lilifunguka usiku mmoja, gesi ikatiririka mabondeni, watu kama 1,700 wakafa. Kivu limetulia kwa sababu maji yake ya chini ni mazito, yana chumvi nyingi, hayapandi kuchanganyika na ya juu. Hata hivyo wataalamu wanalichunguza, kama wale wa kituo cha volkano hapa Goma wanavyoichunguza volkano ya Nyiragongo.

Kule chini kaboni ina mume wa pili. Vijidudu visivyotaka oksijeni vimeishikisha na hidrojeni nne, mkono kwa mkono, ikawa methani. Ipo ya kilomita za ujazo kama 60. Methani uzito wake ni 16, nyepesi, na inawaka. Jirani zetu wa Rwanda wanaivuta upande wa Karongi na kuichoma kupata umeme, kituo chao kilizinduliwa mwaka 2016. Inapoungua, kaboni inaziacha hidrojeni zake na kushikana na oksijeni. Hidrojeni nazo zinashikana na oksijeni nyingine. Imeingia methani na oksijeni, zimetoka hewa ukaa na mvuke wa maji, na ukihesabu atomu kwenye karatasi hakuna hata moja iliyopotea. Mfaransa Lavoisier alilithibitisha hilo kwa mizani karne ya 18. Serikali ya mapinduzi ilimkata kichwa mwaka 1794, kwa mambo ya kodi, si ya kemia.

Hata jiwe ulilokalia limeshikana. Silikoni ina mikono minne kama kaboni, na katika lava hujifunga na oksijeni ikatengeneza minyororo. Minyororo ikiwa mingi, lava inakuwa nzito kama ugali. Lava ya Nyiragongo ina silikoni chache, kwa hiyo hukimbia kama uji. Tarehe 17 Januari 2002 iliingia mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikafika ziwani. Lava kama hiyo iliyoganda ndiyo tunayojengea nyua.

Turudi kwa koko. Siku ile ya kuku, jioni ilinyesha mvua na baridi ikaingia. Mbabula, yaani jiko la makala, ilikuwa ndani, makala mekundu, hayatoi moshi. Tukaomba ibaki mpaka asubuhi. Kaka yangu, ambaye asubuhi alikuwa amejifunza kitu, akasema yeye halali chini, atalala kitanda cha juu, maana mazuku hayajui kupanda.

Hoja ilikuwa nzuri, na ingemuua. Makala yakiungua ndani ya nyumba iliyofungwa, oksijeni inapungua, na kaboni nyingine inakosa oksijeni ya pili. Inashika oksijeni moja tu. Hesabu ya mikono hapo haikai sawa, na mwalimu wenu wa kemia atawaeleza kwa nini. Uzito wa gesi hiyo ni 12 na 16, yaani 28. Hewa ni 29. Kwa hiyo haikai chini wala haipandi juu, inaenea chumba kizima, kitanda cha juu na cha chini. Haina harufu. Ikifika kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200, na mtu analala usingizi ambao haamki. Tofauti yake na mazuku ni atomu moja.

Koko hakuwa na habari za 28 wala 29. Alishika mbabula kwa kitambaa, akaitoa nje katika mvua, sisi tukilalamika. Makala yakalia shiii, mvuke ukapanda. Kesho yake tuliyaanika juu ya bati, na jioni yakawaka tena.