Mauzo si faida: Mfanyabiashara ajipime mwaka ukiisha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka unapokwisha, mfanyabiashara mdogo hana budi kujiuliza amejifunza nini, na ni bidhaa zipi zilizomkwamia dukani.

Aliyeuza vitu kwa Sh10,000 alivyonunua kwa Sh8,000, akalipia pango na nauli Sh1,500, amebaki na Sh500. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 ya mauzo, wala si ya faida, kwa anayeuza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Kwake husalia Sh200 pekee.

Asiyetenganisha fedha za duka na za nyumbani hula mtaji Januari, karo inapodaiwa. Heri apunguze bidhaa zisizotoka, aache kukopesha wasiolipa na ajiwekee mshahara.