Bakteria Waliokimaliza Kilima cha Kasese

Kwa miaka mingi, aliyefika Kasese, magharibi mwa Uganda, alikuta kilima kisichoota hata jani. Kilima hicho kilitokana na mgodi na reli. Tangu 1956 mgodi wa Kilembe, ulio chini ya milima ya Ruwenzori, ulipeleka shaba yake Jinja kwa reli ikayeyushwe, huku pairiti ikimwagwa Kasese. Pairiti ni chuma kilichoungana na salfa. Mng'ao wake wa kidhahabu umeshawatia wengi tamaa ya bure. Mgodi ulipokuja kusimama, lundo lilikuwa limekaribia tani milioni moja, liko wazi, mvua ikilinyeshea.

Pairiti ikipata maji na hewa hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha metali. Mchuzi huo ulitiririka kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth, upande wa Ziwa George, ukaacha nyuma yake ukanda wa ardhi iliyoungua. Wanaoichochea kazi hiyo ni bakteria ambao chakula chao ni chuma na salfa. Jua hawalihitaji, sukari hawaijui.

Mwaka 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt Company kiliwaingiza bakteria wa aina hiyo kwenye matangi. Kila tani ya lundo ilikuwa na kobalti kama kilo 14, lakini imenaswa ndani ya fuwele za pairiti. Usage utakavyo, haitoki. Basi uji wa pairiti na maji ulimiminwa kwenye matangi makubwa, kila moja likimeza zaidi ya lita milioni moja, hewa ikipulizwa chini na mapangaboi yakikoroga usiku na mchana. Yeyote aliyewahi kugandisha maziwa kwenye kibuyu ataelewa: uji mpya ulikuta bakteria wameshajaa humo, wakaendelea nao. Taabu ilikuwa joto. Bakteria hawa walipenda nyuzi 42 hivi, na kwa kuwa ulaji wao wenyewe hutoa joto, kazi kubwa ilikuwa kupoza tangi, si kulipasha.

Kilichotoka humo kilikuwa mchanganyiko wa chuma, kobalti, shaba, zinki na nikeli. Hapa ndipo ninapoona ufundi wenyewe, tena kwa kitu cha kawaida kabisa: mawe ya chokaa. Tia unga wake kidogo kidogo, ukali wa tindikali unapungua, na kila metali ina kiwango chake cha kuganda. Chuma hutangulia; maji yangali makali, kinashuka kama tope la rangi ya kutu, na kobalti inabaki imeyeyuka juu. Ukimwaga chokaa kwa pupa, zote zinashuka pamoja, nawe umebaki na tope la kuzika tu. Kasese walikwenda hatua kwa hatua, wakaitenga kobalti kwa vimiminika vya kemikali, kisha wakapitisha umeme hadi ikajijenga kwenye mabamba, metali ngumu ya kijivu.

Kufikia 2013 lundo lilikuwa limekwisha na kiwanda kikasimama. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Mto Nyamwamba ulifurika huko juu Kilembe, ukafurika tena Mei 2020. Kandokando yake kuna malundo mengine ya mabaki ya mgodi. Mafuriko huyamega kingo na kuyashusha bondeni, shaba na kobalti yake ndani, bila kupitia tangi lolote.